Alfajiri ngapi zinatosha Rubondo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Nyegezi, Mwanza. Mimi, mume wangu na mtoto wetu wa miaka 12 tungependa kwenda kutazama ndege kisiwani mwishoni mwa juma, tuondoke Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Tunasikia sifa za Rubondo, ile hifadhi ya kisiwani katika Ziwa Victoria, lakini jirani yetu anasema Saanane, kisiwa cha hapa mjini, inatutosha. Tuna darubini moja ndogo iliyoandikwa 10x25. Twende wapi, wakati gani wa mwaka, na tujiandae vipi? Mtoto naye anauliza kama ni kweli Rubondo kuna kasuku, na kama wanaongea.

Jibu: Mwalimu, umefanya vizuri kutaja siku zenu, kwa maana ratiba hiyo ndiyo inayoamua jibu langu kuliko kisiwa chenyewe. Kwa mpango wa kuondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni, nakushauri usiende Rubondo. Sisemi hivyo kwa kuidharau hifadhi hiyo, ambayo kwa maoni yangu haina mfano katika upande wetu wa ziwa. Nasema hivyo kwa sababu mpango wenu utawapa alfajiri moja tu, na hiyo moja itawakuta mmechoka kwa safari ya jana yake huku mkiiwaza boti ya kurudi. Anayekwenda kutazama ndege hahesabu siku alizokaa, anahesabu alfajiri na machweo. Jumamosi na Jumapili ni siku mbili kwenye kalenda, lakini kwa ndege wa msituni ni jioni moja na asubuhi moja yenye haraka.

Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Ndege mdogo anaamka akiwa amefunga usiku kucha, akiba yake ya mafuta imepungua, kwa hiyo saa mbili za mwanzo za nuru anazitumia kutafuta chakula kwa bidii na kuimba ili majirani wajue eneo lina mwenyewe. Hewa ya saa hizo ni baridi na imetulia, na sauti husafiri mbali. Ikifika saa nne jua limeshapanda, ndege wengi wa msituni hujificha kivulini na kunyamaza, na msitu uliokuwa na sauti 20 unabaki na njiwa mmoja anayelalamika. Uhai unarudi tena kuanzia kama saa kumi jioni hadi giza linapoingia. Ndege wa majini wana nafuu, kwa kuwa wengi wao huvua na kupumzika hadharani mchana kutwa, lakini hata hao hupendeza zaidi jua likiwa chini.

Jambo hili nililijua kwa kukosea. Safari yangu ya kwanza Rubondo niliipanga kama ulivyopanga wewe. Nilishuka gatini mchana, nikaingia msituni saa saba pamoja na mwongozaji aliyenitazama kwa huruma bila kusema neno, nikaona vipepeo wengi na mijusi. Jioni mvua ikanyesha. Asubuhi yake nilikuwa nikifunga mizigo wakati msitu mzima ukiimba nyuma ya banda.

Ili uone ninachokisema, fikiria njia yenyewe. Kutoka Mwanza mtapita Usagara, mtavuka daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, kisha Sengerema, Geita, Katoro, Chato na Muganza, hadi mwalo wa Kasenda. Daraja limetuondolea foleni ya kivuko, ambayo zamani ingeweza kula asubuhi yako yote, lakini bado ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na ukipanda basi ongeza muda wa kusimama kila mji. Kutoka Kasenda boti huchukua kama nusu saa ziwa likiwa shwari. Ipo pia njia ya Nkome, ambayo barabara yake ni fupi zaidi lakini mwendo wake wa majini ni mrefu, na kwa familia yenye mtoto napendekeza Kasenda bila kusita. Mchana upepo wa ziwani huongezeka na mawimbi pamoja nao, hivyo anayefika mwaloni saa tisa alasiri huenda akalowa, au akaambiwa asubiri. Ukijumlisha yote hayo, anayetoka Nyegezi Jumamosi asubuhi atakuwa na bahati akikanyaga mchanga wa Rubondo akiwa na saa moja au mbili za nuru.

Kwa hiyo nakuwekea njia mbili. Kama lazima iwe Jumamosi na Jumapili za kawaida, msikilize jirani yako: nendeni Saanane, tena kwa utaratibu nitakaoueleza. Kama mnaweza kupata siku nne, yaani kuondoka Ijumaa alfajiri na kurudi Jumatatu, nendeni Rubondo, ambako mtapata alfajiri tatu na machweo matatu. Wewe ni mwalimu, na likizo za Juni na Desemba unazo. Hapo sioni sababu ya kuibana Rubondo katika saa 36.

Saanane watu wa Mwanza wanaidharau kwa sababu wanaiona kila siku kutoka mjini, na wengi waliifika mara moja tu wakiwa wanafunzi, enzi za wanyama wa kwenye vizimba. Kisiwa hicho kinabeba jina la Saanane Chawandi, aliyekuwa mvuvi na mkulima hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yake. Udogo huo kwa mtu anayeanza ni faida kubwa. Mawe yale makubwa, kipande cha msitu, majani na ukingo wa matete vyote viko ndani ya mwendo wa miguu, na boti kutoka Capri Point ni ya dakika chache. Ongea mapema na ofisi ya hifadhi iliyopo hapo Capri Point kuhusu boti ya kwanza ya asubuhi, kwa maana wageni wengi huenda saa tano kula chakula na kupiga picha na pimbi. Nendeni Jumamosi asubuhi, mrudi mchana mlale, na Jumapili mrudi tena kisiwani mkae ukingo uleule mliokaa jana. Msitafute sehemu mpya. Siku ya pili mtawatambua kwa majina ndege ambao siku ya kwanza walikuwa "yule mweusi" na "yule mdogo", na hilo kwa mtoto wa miaka 12 ni furaha isiyopatikana kwa kukimbizana na orodha ndefu.

Nitaongeza jambo dogo la Jumamosi jioni. Pitieni Mwaloni pale Kirumba, penye soko la samaki na dagaa. Najua si mahali pa mapumziko, lakini ni darasa la bure. Marabu, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko wa ngozi shingoni, husimama karibu na watu kiasi kwamba hamhitaji darubini, mwewe hushuka na kunyakua mabaki bila kutua, na yangeyange weupe hutembea katikati ya magunia. Mtoto akishajua namna mwewe anavyougeuza mkia wake wenye panda anapokata kona, hatamchanganya tena na tai akiwa Rubondo.

Sasa tuje Rubondo yenyewe. Pori hilo la akiba lilianzishwa mwaka 1965 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Eneo lake ni kilomita za mraba 456.8, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni nchi kavu: kisiwa kirefu kilichonyooka kutoka kaskazini kwenda kusini, ambacho sehemu yake kubwa ni msitu, pamoja na visiwa vidogo kadhaa vinavyokizunguka. Wanyama kama tembo, twiga, mbega na sokwe waliletwa na watu, na sokwe wale waliachiwa kati ya mwaka 1966 na 1969 baada ya kutolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Wenyeji wa asili ni nzohe, pongo, viboko, mamba, fisi maji na ndege. Mtaambiwa mkawaone sokwe, na ni haki yenu, ila safari ya sokwe huanza asubuhi na inaweza kula asubuhi yote, kwa hiyo msiitoe kwake alfajiri yenu ya kwanza. Kama mna alfajiri tatu, mpeni sokwe moja, ikiwezekana ya katikati.

Kitu cha kwanza mtakachokisikia hata kabla ya kutia nanga ni furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, tumbo la kahawia iliyoiva na sauti inayovuka maji. Rubondo ina furukombe wengi kwa sababu ina vitu viwili anavyovihitaji pamoja, navyo ni miti mirefu isiyokatwa na samaki katika maji tulivu ya ghuba. Kila jozi ina kipande chake cha ukingo na wanakitangaza kwa kuitikiana, wakirudisha vichwa nyuma hadi karibu viguse mgongo. Mwambie kijana wako asikilize vizuri: sauti nyembamba ya juu ni ya dume, na ile nzito kidogo ni ya jike, ambaye pia ndiye mkubwa wa umbo. Msitarajie kumwona akivua kila dakika. Sehemu kubwa ya mchana amekaa tu juu ya mti, na anapovua huteremka kwa mteremko mrefu, ananyoosha miguu mbele na kumkwanyua samaki aliye karibu na uso wa maji bila kuzama. Mkimkuta ametulia kwenye tawi mapema asubuhi, kaeni naye. Subira ya saa moja hapo ina thamani kuliko kuzunguka ghuba tatu.

Ndege ninayempenda kuliko wote hao, hata hivyo, ni mdogo na yupo kila mahali, hata kwenye nyaya za umeme karibu na maji pale Mwanza: mdiria mweupe na mweusi. Wengi humwona, husema "yule anayechupa majini", na kuendelea na safari. Mtazameni vizuri kifuani. Dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja ambao kwa kawaida umekatika katikati, na ni ndege wachache ambao mtoto anaweza kutofautisha dume na jike kwa urahisi huo. Yeye huweza kusimama hewani juu ya maji akipiga mabawa mahali pamoja, mdomo ukielekea chini kama sindano ya fundi, na kwa sababu hiyo anaweza kuvua mbali na ukingo ambako hakuna tawi la kukaa. Samaki mdogo humeza hukohuko akiruka, bila kurudi kwanza kwenye tawi.

Mdiria huyu pia anabeba historia ya ziwa letu. Kabla sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, hajawapunguza furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mdiria wa Ghuba ya Mwanza alikuwa akila furu hasa. Furu walipotoweka kwa wingi katika miaka ya 1980, watafiti waliochunguza chakula chake wakakuta amehamia kwenye dagaa. Dagaa mmoja ana mwili mdogo kuliko furu, hivyo ndege analazimika kuvua mara nyingi zaidi ili ashibe na kulisha makinda. Kuna utafiti mwingine uliowalinganisha midiria wa Ziwa Victoria na wale wa Ziwa Naivasha, Kenya. Huko Naivasha, ambako kuvua si kazi ngumu sana, jozi yenye makinda humfukuza dume mgeni anayejaribu kuleta samaki kiotani. Kwetu, ambako chakula hupatikana kwa jasho, wazazi humkubali mgeni huyo awasaidie kulisha, naye huenda akapata mwenza msimu unaofuata. Kwa hiyo mkiona midiria watatu au wanne wakiingia kwenye tundu moja la ukingo wa udongo, msidhani mmehesabu vibaya.

Wawili wanaochanganywa na karibu kila mgeni ni mnandi na mbizi, maana wote ni weusi, wote huzama, na wote husimama juu ya jiwe wametandaza mabawa kama shati lililoanikwa. Wanafanya hivyo kwa sababu manyoya yao huruhusu maji kupenya, jambo linalowasaidia kuzama kwa urahisi lakini linawaacha wamelowa. Tazameni mdomo. Mnandi ana mdomo uliopinda nchani kama ndoana, naye humbana samaki. Mbizi ana mdomo ulionyooka kama mkuki, naye humchoma. Mbizi akiogelea huzamisha mwili wote na kubakiza shingo tu juu ya maji, kiasi kwamba mtu asiyemjua hupiga kelele kuwa ameona nyoka. Kwenye visiwa vidogo na miti iliyo juu ya maji, minandi na yangeyange hulala na kuzaa kwa makundi makubwa, na hapo nakuomba sana mwambieni nahodha asiisogeze boti karibu. Ndege wazima wakishtuka na kuruka wote kwa pamoja, mayai na makinda hubaki kwenye jua kali, na mwewe hawakawii kutumia nafasi hiyo.

Kwenye matete mtakutana na minana wakisuka viota vinavyoning'inia, hasa nyakati za mvua. Juu ya majani ya yungiyungi hutembea ndege wa kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, ambaye uzito wake hugawanyika juu ya vidole hivyo hata jani lisizame. Fundichuma, yule wa kahawia mwenye kishungi kinachomfanya kichwa kifanane na nyundo, mtamjua kwa kiota chake kabla ya kumwona mwenyewe: rundo kubwa la vijiti na udongo lenye paa na tundu dogo la kuingilia, lililopachikwa kwenye panda ya mti. Wazee wa sehemu nyingi za nchi hii huogopa kukibomoa, nami siwacheki, maana hofu hiyo imekilinda kiota kuliko sheria nyingi.

Msituni mambo ni magumu zaidi, na hapo msikatishwe tamaa. Mtasikia ndege 10 kwa kila mmoja mtakayemwona. Njia ninayoitumia ni kusimama pale mwanga unapoingia, kwa mfano njiani au kando ya uwazi ulioachwa na mti ulioanguka, na kukaa kimya dakika 20 bila kusogea. Shore mwenye mkia mrefu kama utepe, dume la jamii ya wala nzi wa peponi, hupita hapo akikamata wadudu. Chozi huja kwenye maua, na hondohondo husikika mabawa yake yakivuma kabla hajaonekana. Mtembee pamoja na askari wa hifadhi, kwa kuwa tembo wapo na msitu ni mnene, na mwombe askari huyo atangulie polepole. Baadhi yao wana masikio makali kuliko darubini yoyote, ila wamezoea kuwaharakisha wageni wanaotaka sokwe. Nawasihi pia msipige sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili kumvuta ndege karibu, hasa msimu wa viota, kwa sababu anayeitika huacha kazi yake ili apigane na adui ambaye hayupo.

Kuhusu msimu, naona Juni na Desemba ni safari mbili tofauti. Juni ni kiangazi, njia za msituni ni kavu, majani yamepungua kidogo na ndege wakazi huonekana vizuri. Desemba mtalowa, lakini mtawakuta wageni kutoka Ulaya na Asia ambao hukaa kwetu kuanzia kama Novemba hadi Aprili: mbayuwayu wa mkia wenye panda, keremkerem wanaopita juu kwa makundi, na yule ndege mdogo wa kando ya maji anayetikisa mkia bila kukoma kila anapotua. Minana nao huwa wamevaa rangi zao za arusi. Mimi ningechagua Desemba, ila nina koti zuri la mvua na sina mtoto wa kubeba.

Darubini yenu ya 10x25 si mbaya, ila siyo ya kazi hii. Namba ya kwanza huonyesha kitu kinakuzwa mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la nuru linalofika jichoni, yaani kwenu milimita 2.5. Alfajiri mboni ya jicho hufunguka zaidi ya hapo, hivyo mtaona giza mahali ambapo mwenye 8x42, anayepata zaidi ya milimita 5, anaona rangi. Tena kukuza mara 10 hukuza na mtetemo wa mkono mara 10, na ndani ya boti mtetemo haukosekani. Mkiweza kuazima au kununua 8x42 moja, hiyo iwe ya baba na mama, na ile ndogo mpeni kijana, ambaye mikono yake ni midogo na mapenzi yake ni makubwa. Kabla ya safari mfundisheni kumtazama ndege kwa macho kwanza, kisha kuinua darubini bila kuondoa macho kwa ndege. Wengi hushusha macho kuitafuta darubini, na wakiinua tena ndege ameshaondoka.

Mavazi yawe ya rangi ya udongo au majani makavu. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta mbung'o, nao Rubondo wapo, na kuumwa kwao hakusahauliki haraka. Bebeni chandarua kama hamna uhakika na cha mahali mtakapolala, na kila mmoja avae jaketi okozi ndani ya boti hata kama ziwa limelala kama kioo. Kuoga ziwani, hapana. Mamba na viboko ni sababu ya kutosha, na kichocho kinaongezea. Mwambieni mtoto hilo mkiwa nyumbani, kwa sababu fukwe za Rubondo zinavutia na joto la mchana linashawishi.

Kwa malazi, hifadhi ina mabanda yake Kageye, yalipo makao makuu ya kisiwani, na familia kama yenu hapo patawafaa kuliko hema. Andikeni mapema, ulizeni kuhusu jiko na chakula, na bebeni vitambulisho vya taifa ili mtozwe viwango vya raia, ambavyo hulipwa kwa shilingi na viko chini sana ukilinganisha na vya wageni wa nje. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, si kwa fedha taslimu mlangoni, hivyo kamilisheni mkiwa bado mna mtandao wa uhakika. Gharama itakayowauma ni boti, kwa kuwa hukodiwa kwa safari na si kwa kichwa. Iambieni ofisi ya hifadhi kwamba mko tayari kuungana na wageni wengine siku hiyo, na huenda mzigo ukagawanyika.

Daftari msisahau. Kijana aandike tarehe, saa, mahali na alichokiona, pamoja na ndege ambao hakuwatambua, wakiwa na maelezo ya mdomo, miguu na namna walivyotembea. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na ziko sehemu nyingi za kanda yetu ambazo hazina mtu anayeandika chochote kwa mwaka mzima. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania umekuwa ukikusanya kumbukumbu za aina hiyo tangu miaka ya 1980, na daftari la mtoto wa Nyegezi aliyeandika kwa uaminifu lina nafasi yake humo.

Limebaki swali la mtoto. Ndiyo, kasuku wapo. Ni kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, ambao asili yao ni misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati. Mwaka 2000 kasuku 37 waliokamatwa kutoka kwenye biashara haramu waliachiwa huru Rubondo, badala ya kumalizia maisha yao kwenye vizimba. Biashara hiyo ndiyo iliyowapunguza sana huko kwao, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikaamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Kuhusu kuongea, mwambie kwamba kasuku wa porini hana sababu ya kusema maneno ya watu. Yule wa kizimbani huyaiga kwa kuwa watu ndio kundi pekee alilobaki nalo, na wa Rubondo wana kundi lao. Wao hupiga miluzi na makelele wanapotoka kulala na wanaporudi, kwa hiyo jioni ya kwanza, kama saa kumi na mbili, mtoeni nje ya banda akae mahali penye uwazi, atazame juu ya miti upande wa msitu, na asikilize kabla ya kutafuta kwa macho.